Kibali cha Kuzurura

Mwaka 1988 nilikuwa nikilala na binamu zangu wawili kwenye kitanda kimoja, nyumbani kwa mama mdogo, Magomeni Mapipa. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya kawaida: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani choo, bafu na majiko ya mkaa ya wapangaji wote. Ukikohoa usiku, asubuhi unapewa pole na nyumba nzima. Ukitoka unaulizwa unakwenda wapi, ukirudi unaulizwa umetoka wapi, na jibu lilitakiwa liwe na kitu ndani yake: nakwenda kununua mafuta ya taa, nimetoka kumwona mgonjwa. “Natembea tu” halikuwa jibu. Lilikuwa dalili ya ugonjwa, au ya mwanamke.

Kwa hiyo mjomba alipokuja kuniomba nikamshikie zamu Oysterbay, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili usiku, nilikubali kabla hajamaliza kueleza zamu yenyewe ni ya nini. Nilikuwa likizo kutoka chuoni Mlimani, sina shilingi, sina kazi. Nyumba itakuwa tupu, alisema. Nikasikia neno hilo moja tu.

Mjomba alikuwa mpishi kwa familia ya Wadenmark. Mume alikuwa mtaalamu wa maji, mmoja wa wale wataalamu waliojaa Dar es Salaam enzi zile, kila wizara na wa kwake. Wikiendi hiyo wenye nyumba walikuwa wanakwenda Mikumi kutazama wanyama, na mnyama wao wenyewe wasingeweza kwenda naye, maana mbwa haingii hifadhini. Mjomba naye alikuwa amepata msiba Muheza. Mlinzi wa usiku alishasema wazi kwamba yeye ameajiriwa kulinda nyumba, si kumtembeza mbwa.

Mbwa aliitwa Bamse. Mjomba alimwita Bamusi, mlinzi alimwita Bosi. Alikuwa mkubwa, wa rangi ya asali, mwenye masikio ya kulegea na uso wa mtu anayeamini kila anachoambiwa. Nilioneshwa chungu chake, mkanda wake wa ngozi, na mahali mchele wake unapowekwa. Kisha mjomba akanionesha kopo la maziwa ya unga la kilo mbili, limejaa udongo mkavu, limewekwa chini ya bomba la nje.

“Asikulambe,” akasema. “Akikulamba, unajua.”

Nilijua. Mara saba, moja kwa udongo. Mjomba alikuwa na nguo za kazini ambazo hazikupanda basi kwenda kwake hata siku moja. Alizivua, akazianika kwenye kamba ya uani, akaoga, ndipo akawa Mwislamu wa Muheza tena. Hakuwahi kumchukia yule mbwa. Alimpikia vizuri kuliko nilivyopikiwa mimi bwenini. Ila kila kitu kilikuwa na upande wake, na kopo lilikuwa mpakani.

Ijumaa ile, jua likianza kushuka, nikatoka naye getini.

Nilikulia mahali penye mbwa. Kijijini kwetu mbwa walikuwa wa kuwindia nguruwe pori na kufukuza nyani shambani. Walikwenda mbele, watu nyuma, kila mmoja na panga lake. Magomeni kulikuwa na mbwa koko, na kazi ya mbwa koko ilikuwa kupigwa mawe na watoto. Lakini mbwa aliyefungwa mkanda shingoni, anayekwenda pole pole pembeni ya mtu, hawindi, hafukuzi, wala hatorokei kokote, huyo sikuwa nimewahi kuwa naye. Hata namna ya kutembea sikuijua. Yeye aliijua. Akanichukua.

Barabara ya Toure inafuata bahari, na wakati ule haikuwa na magari mengi. Mama mmoja mwenye kikapu kichwani alituona kwa mbali akavuka upande wa pili. Wanafunzi wakasimama wakasubiri tupite, mmoja wao, shujaa wao, akanong'ona “jibwa la mzungu” kwa sauti ambayo alitaka niisikie. Mzee mwenye kanzu aliingia hatua tatu ndani ya majani akainua pindo la kanzu yake kama mtu anayevuka mto. Nikamwamkia, “Shikamoo, mzee.” Akajibu “Marahaba” huku macho yakiwa kwa Bamse, kana kwamba mbwa ndiye aliyemsalimu.

Mbele kidogo polisi wawili wakanisimamisha. Nikatia mkono mfukoni kutafuta kitambulisho cha chuo. Mmoja akauliza:

“Huyu wa nani?”

Nikataja nyumba. Akatikisa kichwa, akaniambia niende salama, giza linaingia. Mimi mwenyewe ni nani, natoka wapi, nina shughuli gani maeneo yale, hakuna aliyeuliza.

Kwa asiyeijua Dar es Salaam ya miaka ile, hili litaonekana jambo dogo. Mwaka 1983 ilipitishwa Sheria ya Nguvukazi, iliyotaka kila mwenye uwezo afanye kazi, na katika msako uliofuata watu walioonekana hawana shughuli mijini walikamatwa, wakapakiwa kwenye magari na kupelekwa vijijini wakalime. Wauza karanga walikuwemo, wang'arisha viatu walikuwemo, na wengine walikuwa na kazi zao ila kitambulisho kimebaki kwenye suruali nyingine. Mtaani kwetu kuna kijana alikamatwa akiwa ametumwa mkate. Familia ilikula bila mkate, na yeye ikabidi afuatwe. Mimi wakati huo nilikuwa shule ya bweni, nilizisikia habari hizi kwa barua. Lakini niliporudi mjini niliona watu wamebadilika mwendo. Kila mtu alitembea kama anayewahi mahali, hata asiyekuwa na pa kwenda. Ukitaka kupunga upepo baharini ulibeba bahasha ya kaki.

Hadi kufika 1988 msako ulikuwa umepoa. Mzee Mwinyi, ndiye Mzee Ruksa, alikuwa Ikulu tangu Novemba 1985, na kila aliyetaka kuuza kitu alikiweka chini akauza. Bahasha tu ndizo zilikuwa bado hazijatoka makwapani.

Jumamosi asubuhi nilimtembeza Bamse kwa muda mrefu kuliko nilivyoagizwa, nikamrudisha, nikampa maji, nikaenda mjini peke yangu. Sikufika hata njia panda. Mlinzi wa nyumba ya tatu kutoka yetu, ambaye jana yake alitupungia mkono, alinyanyuka kwenye kigoda.

“Kijana, unatafuta nyumba ya nani?”

“Mimi ndiye wa jana. Wa yule mbwa.”

“Aaa!” Akacheka. “Sikukutambua bila yeye.”

Basi la UDA lilikuwa Ikarusi, limejaa mpaka mlangoni. Mtu akining'inia mlangoni anaona mji vizuri kuliko aliyekaa: Daraja la Selander, minazi ya Upanga, kisha majengo yanaanza kusogeleana. Nikashuka nikaelekea Kariakoo kwa miguu, bila bahasha.

Soko la Kariakoo bado lilikuwa na upya wake. Lilifunguliwa mwaka 1975, likiwa limechorwa na Beda Amuli, Mtanzania, na kwangu hadi leo ni jengo la umma lenye akili kuliko mengine yote mjini humo. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa juu chini, na nguzo zake ndizo mipini. Mvua ikinyesha maji yanakusanywa, jua likiwaka hewa inapita kati ya miavuli, na huku chini mama anauza bamia bila kutokwa jasho. Lilipoungua Julai 2021 nilikaa mbele ya televisheni nikajikuta nasema “siyo ile miavuli, siyo ile miavuli,” kama mtu anayeombea kiungo cha ndugu.

Siku ile nililitembea lote. Nilikuwa nimeshafika pale mara nyingi, lakini daima nikiwa nimetumwa: nazi mbili, ndimu, uwe umerudi kabla ya saa sita. Mtu aliyetumwa halioni soko, anaona nazi. Nikashuka shimoni, kwenye mikungu ya ndizi na viazi, ambako wachukuzi hawakupishi, wanakupigia mluzi tu, na usipousikia huo mluzi gunia litakueleza. Nikapanda juu. Nikasimama kwa muuza viungo nikamuuliza bei ya iliki, kisha ya kungumanga, kisha ya vitu nisivyovijua majina, mpaka akaniuliza kwa upole kama ninaoa.

Nje, kando za mitaa, mitumba ilikuwa imemwagwa juu ya maturubai. Tulizoea kuiita kafa Ulaya. Miaka michache kabla yake tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni, na tulikula unga wa Yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, tukashukuru. Sasa kila kitu kipo: jinzi, redio, dawa ya meno ya aina tatu. Watu walisema kwa Mwalimu tulikuwa na pesa bila vitu, kwa Mzee Ruksa tuna vitu bila pesa, na kwenye maturubai yale msemo huo ulionekana kwa macho. Wengi tulikuwa washikaji. Unashika koti, unalipima kifuani, unalirudisha. Nililishika koti moja la sufu, zito, lenye harufu ya dawa ya nondo. Nilisimama nalo kwenye joto lile nikifikiria ni nani alilivaa na huko kwake kuna baridi gani. Muuzaji akaniacha. Naye labda alishawaza hivyo hivyo.

Nilikuwa na pesa ya mtu mmoja tu, ya Bamse. Nikaenda bucha.

“Nataka mifupa yenye nyama nyama.”

“Ya supu?”

Ningeweza kusema ya supu. “Ya mbwa.”

Bucha zima likageuka. Mwenye bucha akaacha kisu, akauliza huyo mbwa anakula nini kingine. Wali, nikasema, na karoti. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri robo ya utumbo akaomba aulizwe bwana huyo mzungu kama anahitaji mbwa wa pili, yeye yuko tayari kubweka. Tukacheka wote. Kicheko kilikuwa cha kweli, lakini yule mzee robo yake ya utumbo ilifungwa kwenye gazeti, na furushi langu la mifupa lilikuwa kubwa kuliko lake. Nilitoka haraka.

Adhuhuri nilikuwa katikati ya mji mbele ya sinema. Zilikuwepo Empire, Empress, Avalon, Odeon, Cameo, New Chox, na nyingine. Nazitaja tu nisikie zinavyolia. Leo ni vigumu kumweleza kijana uzito wa majumba yale. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini, sisi tulikuwa na redio na magazeti. Picha inayotembea ulikuwa unaifuata ilipo, kwa kununua tiketi, na kama ni filamu ya Kihindi yenye sifa, kwa walanguzi waliosimama nje na tiketi ndani ya soksi.

Filamu ya siku hiyo ilikuwa Teri Meherbaniyan, ya mwaka 1985, ya Jackie Shroff na Poonam Dhillon. Sikuichagua kwa sababu ya mbwa. Niliona foleni, nikasimama kwenye foleni, na tulipofika karibu na dirisha ndipo nikaona kwenye bango kichwa cha mbwa kimepakwa rangi kikubwa sawa na cha steringi. Nikaingia na mifupa yangu kwapani, nikanunua karanga za koni ya gazeti, nikakaa chini, ule upande wa bei rahisi ambako hadhira hupiga kelele.

Kwa waliozaliwa baadaye: steringi ndiye mhusika mkuu, na sheria ya kwanza ya sinema Dar es Salaam ilikuwa kwamba steringi hafi. Anapigwa, anatupwa mtoni, anaangukiwa na ukuta, anaamka. Watoto walibishana juu ya mengi, si juu ya hilo. Sasa katika filamu hii steringi anauawa. Siyo kuzimia, anauawa na wabaya watatu, na mchumba wake naye amekwisha kufa. Ukumbi ulifanya fujo ya kweli. Mtu akapiga kelele kwamba reli zimechanganywa. Mwingine akadai pesa yake.

“Kama steringi kafa, sasa steringi nani?”

Kutoka nyuma, sauti ya mwanamke, bila haraka: “Mbwa.”

Na kweli. Mbwa yule, Moti, ndiye anayebaki kulipa kisasi, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyehitaji mkalimani; jirani yangu aliyekuwa ananitafsiria Kihindi chake cha sinema alinyamaza, maana mbwa alikuwa anaongea lugha ya kila mtu. Akimnyemelea mbaya, ukumbi mzima unamwelekeza: “Kushoto! Kushoto kwako!” Akilala kwenye kaburi la bwana wake, kulisikika pua zinavutwa kila upande. Mwanamume mwenye kofia ya kiua, mbele yangu, alilia waziwazi, akaitoa kofia akapangusia macho. Watu hao hao, nikiwaletea Bamse mlangoni, wangepanda juu ya viti. Nilitazama nyuso zile kwenye mwanga wa pazia zaidi ya nilivyotazama filamu. Siuiti unafiki. Mbwa wa kwenye pazia halambi mtu.

Nilirudi Oysterbay jioni, Bamse akanipokea kwa fujo. Nikampikia mifupa yake. Baada ya kula alikuja akasimama mbele yangu na mkanda mdomoni, jambo ambalo mjomba hakunitajia. Tukatoka. Safari hii sikutaka baharini. Tulikata ndani tukaelekea Msasani, kwenye sinema ya Drive-In.

Drive-In ilijengwa mwaka 1966. Wenye magari waliingia, wakaning'iniza spika dirishani, wakatazama wakiwa na biriani kwenye sahani na watoto juu ya boneti. Wasio na magari nao waliweza kuingia kwa miguu. Wasio na magari wala pesa walisimama nje, gizani, palipoonekana kipande cha pazia. Huko ndiko nilikokwenda. Kulikuwa na kundi la vijana na wauza mahindi ya kuchoma, na wote walitupisha Bamse na mimi tukapata nafasi ya mbele, nzuri, pana.

Sauti haikufika. Spika zote zilikuwa ndani ya magari. Tulitazama watu wakubwa wakifungua midomo, wakicheza, wakipigana ngumi zisizolia, na kila mtu kundini akajitungia maneno yake. Kijana mmoja alikuwa hodari, alimsemea mama mkwe kwa Kizaramo na baba mkwe kwa Kichaga, na kundi likaanguka kwa kicheko. Alipoona sicheki sana akauliza kama mbwa wangu anataka aongezewe sauti. Baadaye, taratibu, mtoto mmoja akanyoosha kidole akamgusa Bamse mgongoni, akakirudisha haraka akakitazama. Kisha akagusa tena, kwa kiganja chote.

Pale palipokuwa Drive-In leo ni ubalozi wa Marekani, uliohamia hapo miaka michache baada ya ubalozi wao wa zamani kulipuliwa mwaka 1998. Ukuta ni mrefu na walinzi ni wengi. Mtu hasimami hapo na mahindi ya kuchoma kutazama kilicho ndani.

Jumapili sina mengi ya kuieleza. Asubuhi tulikwenda Coco Beach kabla watu hawajajaa. Bamse aliingia baharini na kutoka, akajikung'uta juu ya suruali yangu, na kopo la udongo likatumika. Mchana nilikwenda Feri nikatazama mnada wa samaki nisiokuwa na pesa ya kuwanunua, nikakaa Kivukoni kutazama pantoni likienda Kigamboni na kurudi. Hakuna aliyeniuliza kitu. Sijui kama mji ulikuwa umebadilika au mimi ndiye niliyeacha kutembea kama mwenye kosa. Nilikaa mpaka makalio yakauma.

Mjomba alifika usiku na gunia dogo la machungwa ya Muheza. Kabla ya kuketi alikwenda bombani, akatazama kopo, akaniona na suruali nyingine, akaguna. Nikampa habari ya nyumba, naye akanipa ya msiba. Akanihesabia pesa yangu, akaongeza machungwa. Ndipo Bamse alipokuja kutoka jikoni, akampita mjomba, akasimama mbele yangu na mkanda mdomoni.

“Hiki nini tena?” mjomba akauliza.

“Anataka kutoka. Saa zake za Drive-In.”

“Za wapi?”

Nikamweleza. Mjomba akakaa chini taratibu juu ya gunia la machungwa.

“Miaka miwili,” akasema, “nampeleka mpaka kwenye ule mkungu wa kona, anakojoa, tunarudi. Mbwa ameridhika, mzungu ameridhika. Umekaa naye siku mbili, sasa ana sinema.” Akamtazama Bamse, Bamse akamtazama yeye. “Haya, mpeleke. Na kila Jumamosi utakuwa unakuja wewe, mimi miguu yangu haiwezi kutembea pasipo na shughuli.”

Mama mdogo nilimwambia nimepata kazi, na alipouliza kazi gani nilimjibu ya ulinzi.